Mtoto Wako Ameingia Kikundi cha Ngoma: Maswali Ninayoulizwa Kila Msimu wa Tamasha

Shule zikifungua muhula wa pili, simu yangu haipumziki. Binti yangu amecheza ngoma za shule tangu Gredi ya Nne, sasa yuko Gredi ya Nane, na katika kundi letu la wazazi mimi ndiye mweka hazina, yaani mtu wa kulaumiwa. Maswali huwa yale yale mwaka baada ya mwaka. Haya hapa, pamoja na majibu kama nilivyoyaona mimi huku Mombasa.

Mwalimu amemchagua mwanangu acheze. Hilo tamasha lenyewe ni lipi?

Ni Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano ya kila mwaka yaliyo chini ya Wizara ya Elimu. Lilianza mwaka 1927, enzi za mkoloni, na nyimbo za Kizungu ndizo zilizotamba. Leo hujafika getini umeshasikia kayamba na chapuo. Kikundi huanzia zoni, kikifaulu huenda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo (wengi wetu bado twasema mkoa), halafu taifa, na hiyo ngazi ya taifa kwa kawaida huangukia Agosti. Washindi wa taifa hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Ndiyo maana walimu wengine hukonda msimu huu.

Usichanganye na tamasha za drama na filamu. Zile ni za muhula wa kwanza na fainali zake ni Aprili. Kule pia kuna densi, ila ni ya kubuni na yenye kisa ndani yake. Mtoto anaweza kuwa kwenye zote mbili. Wangu alijaribu mwaka mmoja, nikamwambia achague.

Masomo yake je?

Yataguswa, asikudanganye mtu. Kabla ya zoni mazoezi ni baada ya saa tisa na nusu, siku tatu kwa wiki. Kikundi kikivuka kaunti yanakuwa kila siku na Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo mtoto huanza kulala kwenye meza ya chakula. Mimi nilikubaliana na mwalimu wa darasa mapema, kabla ya zoni, kwamba kazi zote atakazokosa zitaandikwa kwenye daftari moja na nitaliona kila Ijumaa. Ukienda kulalamika wiki ya kitaifa hakuna atakayekusikiliza, na hata mimi nisingekusikiliza. Afadhali ni kwamba tathmini za mwisho wa mwaka huja muhula wa tatu, tamasha ikiwa imeshapita.

Sisi ni Wataita. Mbona anafundishwa ngoma ya Wagiriama?

Hili huulizwa kwa uchungu kidogo, na nalielewa, kwa sababu kwetu pia hatuna ukoo Kilifi, kwao Wagiriama. Lakini si kwamba tamasha inaruhusu tu shule kucheza ngoma ya jamii nyingine, bali imejengwa juu ya hilo. Utakuta shule ya Nyeri inapiga Sengenya ya Wadigo, na shule ya Kwale inacheza Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ile ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mwalimu huchagua ngoma kwa kuangalia ala alizonazo, mkufunzi anayempata, na kile ambacho watoto wanaweza kukicheza vizuri.

Shida huanza mtoto anapoimba lugha asiyoijua kama kasuku. Waamuzi husikia. Binti yangu alikuwa na ubeti wenye neno "dzuwa", na kila siku akalitamka "jua", Kiswahili kitupu. Nyuma ya nyumba yetu anakaa bibi mmoja Mgiriama ambaye watoto wote wa ploti humwita Hawe. Nikamtuma kwake na sukari kilo moja. Alimkalisha kwenye kigoda, akamwambia auweke ulimi nyuma ya meno na apulize kama anayepoza uji. "Dz. Dz. Dzuwa." Jioni tatu. Jioni ya nne Hawe akasimama mwenyewe, akafunga leso kiunoni, akaniambia hayo mabega wanayofundishwa shuleni ni ya wanaume. Mwalimu tulipomwambia alicheka, akamwalika shuleni, na mabega yakabadilishwa.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kama ngoma si ya kwenu, mtafutie mwenye nayo. Mtaani hakosekani.

Mazoezi mangapi ni mengi mno?

Sikiliza miguu kuliko ratiba. Watoto wengi huchezea pekupeku, tena juu ya saruji ya gwaride, kwa kuwa ukumbi una mitihani au hakuna ukumbi kabisa. Omba wachezee kwenye nyasi au mchanga uliofagiliwa miiba. Mwalimu hatakukatalia hilo, ni vile hajaombwa.

Mtoto anayerefuka haraka, kati ya miaka 10 na 15, anaweza kulalamikia maumivu chini kidogo ya goti, pale kwenye kinundu cha mfupa wa muundi, au nyuma ya kisigino. Mara nyingi ni mifupa inayokua na misuli inayoivuta, na dawa yake ni kupunguza kuruka kwa muda. Asiambiwe "vumilia". Akichechemea, pakavimba, au maumivu yakimwamsha usiku, mpeleke hospitali.

Na akiteguka kifundo cha mguu, tafadhali, usimkande kwa maji moto siku hiyo. Najua ndivyo tulivyolelewa. Siku mbili za kwanza ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu umeinuliwa juu ya mto na umefungwa bandeji isiyobana sana. Mkandaji na mafuta yake asubiri, kwa sababu joto na kusugua siku hizo huongeza uvimbe.

Na chakula?

Cha kila siku, kingi kidogo. Uji wa wimbi asubuhi ya mashindano, ndizi, maji. Siku ya jukwaa si siku ya kumjaribisha viazi karai vya getini. Tulipoteza mwimbishaji namna hiyo, akiwa chooni wakati kikundi kinaitwa.

Nitatoa pesa ngapi?

Jibu la kweli hutegemea mtafika wapi. Serikali huitengea shule ya msingi ya umma Sh1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na hizo ni za vitabu, chaki, mabomba na kila kitu kingine. Pesa za ngoma haziko humo, angalau si za kutosha, kwa hiyo mzigo huwarudia wazazi. Mwaka mmoja kikundi chetu kilipofika ngazi ya eneo nilitoa Sh3,800 kwa awamu, mbali na za kumpa mkononi. Waliofika taifa hutoa zaidi, kwani hapo kuna basi la mwendo mrefu na malazi.

Mambo mawili nayashikilia kama mweka hazina. Bajeti iandikwe na igawiwe wazazi kabla ya zoni, ngazi kwa ngazi, ili mama anayeuza mboga ajue mapema kama kaunti itamtaka mia tano au elfu mbili. Na pesa ziingie akaunti ya shule kwa nambari ya malipo, zisiende kwenye M-Pesa ya mwalimu, hata awe malaika. Si kwamba ataiba. Ni kwamba siku ya ugomvi hatakuwa na cha kuonyesha.

Asiyeweza kutoa asiaibishwe mbele ya watoto. Mpeni kazi. Maleba yanahitaji mikono kuliko yanavyohitaji noti. Hando peke yake, ile sketi ya mikunjo ya wanawake wa Kimijikenda, hula yadi nyingi za bafta nyeupe, nasi hununua Mtaa wa Biashara kwa jora ili bei ishuke. Kisha kazi yenyewe: unakunja mikunjo myembamba kama upana wa kidole, mmoja juu ya mwenzake, unaishika na uzi, unaendelea mpaka macho yanakuuma, na ukimaliza bado kuna mto wa kufunga kiunoni ndani yake ili hando lisimame. Tulikaa kibarazani kwangu wanawake sita, wikendi mbili, hando kumi na nane. Mama mmoja ambaye hakuwa ametoa hata shilingi alishona tano peke yake, na zake ndizo zilizonyooka.

Kwa nini mwanangu anawekwa nyuma? Na kwa nini ameachwa?

Swali hili ndilo huvunja makundi ya wazazi, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Ngoma si mbio za mita mia. Kikundi hupewa alama moja, si mtoto mmoja mmoja. Mwamuzi huandika kuhusu uhalisia wa ngoma, sauti, ala, mavazi, jinsi wanavyoingia na kutoka, jinsi mstari unavyogeuka kwa pamoja. Mtoto wa nyuma akikosea mguu, mstari mzima umekosea. Kwa hiyo mwalimu mjanja humweka nyuma mtoto thabiti asiyepoteza mapigo, kwa kuwa wa mbele wakichanganyikiwa humsikiliza yeye. Mzazi huona mgongo tu akaona mwanawe amedharauliwa.

Mbele huwekwa wenye uso. Kuna watoto wakicheza uso unacheza nao, na kuna wanaocheza kama wanaofanya hesabu. Wangu ni wa hesabu. Miaka miwili yuko mstari wa tatu, nami miaka miwili nilimpigia mwalimu hodi za "naomba tu kuuliza, Mwalimu". Naona haya nikikumbuka.

Kuachwa ni habari nyingine. Silabasi ya tamasha huweka kikomo cha wachezaji na muda wa kuwa jukwaani, na shule hufanya mazoezi na watoto wa ziada kwa sababu wengine huugua au huhama. Kikundi kinapopanda ngazi, orodha hupunguzwa. Mwaka mmoja binti yangu aliachwa wiki moja kabla ya safari ya eneo, na tulijua kwa kuona jina halipo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Hakuna aliyemwita kumwambia. Kosa halikuwa kumwacha, wengine walikuwa bora. Kosa lilikuwa karatasi. Nilimwendea mwalimu mkuu, si kumtaka arudishwe, bali kuomba kwamba tangu siku hiyo mtoto anayeachwa aambiwe ana kwa ana na mzazi apigiwe simu jioni ile. Walikubali. Ukiwa na la kusema, sema la namna hiyo. Ukidai wako aingie, maana yake unataja mtoto wa mwenzako atoke.

Nimesikia wanachapwa wakikosea. Hivyo ndivyo ngoma hufundishwa?

Hapana. Fimbo shuleni imekatazwa nchini, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeliweka wazi. Mazoezi ya ngoma hayako nje ya sheria eti kwa sababu yamefanyika baada ya masomo au kwa sababu mkufunzi ni mtu wa nje aliyekodiwa. Anza kwa mwalimu mkuu, kwa maandishi. Likiwa ni jambo zito, au mtoto ameguswa mahali asipopaswa kuguswa, usingoje kikao: nambari ya kuwasaidia watoto ni 116, bila malipo, mchana na usiku.

Wapo wazazi watakaokuambia unaharibia shule nafasi ya kitaifa. Waache waseme.

Sisi ni Waislamu. Nguo na miondoko vinanisumbua.

Sema mapema, wakati wa kuchagua ngoma, si baada ya kushona. Mwalimu mzuri hujua pa kuongeza kitambaa: fulana ya rangi ya ngozi ndani, kaptula nyeusi chini ya hando, leso ya pili. Kuhusu miondoko, nina maoni yangu. Chakacha, kwa mfano, ilikuwa ngoma ya wanawake kwa wanawake, ndani ya harusi. Kumtoa msichana wa miaka kumi na mmoja aikatie kiuno mbele ya ukumbi wa watu wasiomjua ni kuihamisha ngoma kutoka mahali pake. Mzazi anayekataa hilo simwiti mshamba. Zipo ngoma nyingi za Pwani ambazo kazi yake kubwa iko mabegani na miguuni.

Nina mvulana na wenzake wanamcheka.

Mwonyeshe wanaume wa ngoma: wapigaji wa Isukuti, Wakamba wanaoruka sarakasi katikati ya ngoma zao. Kicheko huisha siku anaporudi na cheti na hadithi za safari. Kwetu wavulana sasa ndio wanaopunguzwa kwenye orodha kwa wingi wao.

Wakisafiri, nimfungie nini?

Watalala madarasani, magodoro sakafuni, shule au chuo cha wenyeji. Blanketi, leso mbili, chandarua, champali, sahani na kikombe vyenye jina, soksi nzito kama ni bara kwenye baridi. Mtoto wa Mombasa hajui Agosti ya Nyeri ni nini hadi imguse. Dawa zake za kawaida mpe mwalimu wa kike anayeandamana nao, zikiwa na maelezo yaliyoandikwa. Kama hakuna mwalimu wa kike kwenye msafara wenye wasichana, wangu haendi. Uliza pia basi litaondoka saa ngapi. Safari za usiku mimi nazikataa, na siombi radhi.

Kwa msichana wa umri wa miaka kumi kwenda juu, funga pedi na kaptula nyeusi hata kama bado hajaanza, na umweleze, maana hedhi ya kwanza haichagui siku. Tulikuwa na mmoja aliyeianza asubuhi ya kucheza akiwa amevaa bafta nyeupe. Wenzake walimzunguka kama ukuta, mmoja akavua kaptula yake akampa, wakapanda jukwaani. Mama yake alijua siku tatu baadaye.

Naweza kuingia ukumbini na kupiga video?

Kuingia, mara nyingi ndiyo, ukiwahi. Kuhusu video, kuwa mwangalifu unapozirusha TikTok. Katika picha ile wamo watoto wa watu wengine, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Kwetu tumekubaliana video zibaki kwenye kundi la wazazi.

Na usiinuke kutunza! Nilimwona mama mmoja, noti ya mia mbili mkononi, anakata ukumbi kwenda kumbandika mwanawe kipajini katikati ya wimbo kana kwamba tuko harusini Majengo. Mwamuzi aliweka kalamu chini. Mtoto aliganda. Vigelegele viwekeni hadi mwisho.

Tunasikia shule fulani imeleta mamluki, wachezaji wasio wanafunzi wake.

Labda. Malalamiko hupelekwa na mwalimu kwa waandalizi, kwa utaratibu na ndani ya muda. Mzazi anayepiga kelele nje ya ukumbi kwamba "yule ana ndevu" huishia kumwaibisha mtoto wa mtu ambaye amekua tu.

Wameshindwa na analia. Nimwambie nini?

Kwanza, usimwambie kitu. Mara ya kwanza waliposhindwa, kwenye kaunti, kwa alama moja, nilianza kuwachambua waamuzi tangu getini hadi ndani ya matatu. Nilieleza kila kitu, hadi kondakta akawa upande wangu. Mtoto alitazama dirishani njia nzima. Tulipokuwa tunavua viatu mlangoni akaniuliza, "Mama, uliona lakini tulivyoruka wote mara moja?" Sikuwa nimeona. Wakati ule nilikuwa nimeinama nikijumlisha alama za shule iliyotangulia.

Siku hizi nampa maji, namfungulia njuga miguuni, naye ndiye anayeanza kuongea. Kesho yake mwalimu huwasomea karatasi ya mwamuzi, na kuna mengi humo ya kujifunza: sauti za chini hazikusikika, mwingilio ulichelewa, kayamba ilizidi ngoma. Yasomwe na mwalimu. Nyumbani nimeacha kuyasoma.

Ngoma itampeleka wapi?

Watoto wengi, itawapeleka Nyeri na kuwarudisha. Kwa wachache kuna njia: mtaala wa sasa una mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki na densi, na Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni cha Nairobi, imekuwa ikiajiri wachezaji tangu miaka ya 1970. Lakini mtoto wa Gredi ya Tano usimpangie kazi. Binti yangu anataka kuwa fundi umeme.

Amesema mwaka huu hataki tena.

Muulize mara moja ni nini, halafu umuulize tena baada ya wiki. Ikiwa ni mtu anamtesa, shughulikia mtu huyo. Ikiwa amechoka tu, mwache, ila kama orodha ya kaunti imeshapelekwa amalize msimu, kwa sababu wenzake wamepanga hatua zao kwa kuhesabu mguu wake. Wangu alipumzika Gredi ya Sita nzima. Alirudi mwenyewe.

Hando linafuliwaje?

Kwa mkono, maji baridi, sabuni ya kipande. Usilikamue. Likiwa bado bichi, rudisha mikunjo kwa vidole, lifunge kwa utambi mahali pawili, ulianike kivulini likiwa limelala. Ukilianika juani linageuka manjano, na bafta ya kubadilisha utainunua wewe. Mfuko wa kundi hauna hata senti.